Mbu si sindano: jinsi kirusi cha chikungunya kilivyolishinda tumbo la mbu kutoka Lamu hadi Réunion

Kila panapozuka homa ienezwayo na mbu katika nchi za Afrika Mashariki, swali moja la zamani hurudi vinywani mwa watu: ikiwa mbu huchukua chikungunya, dengue au homa ya manjano kwa mgonjwa na kumpelekea mzima, mbona hachukui virusi vya UKIMWI? Si swali la kipuuzi. Wanaouliza wameona jambo la kweli, kwamba mbu hunywa damu ya huyu kisha akamuuma yule, na wanatarajia kila kilichomo katika damu ya wa kwanza kimfikie wa pili. Ingekuwa hivyo kama mbu angekuwa sindano. Lakini mbu si sindano.

Mdomo wa mbu jike, ambao kwa macho huonekana kama unywele mmoja, una njia mbili zisizokutana. Moja hushusha mate yanayozuia damu isigande, na nyingine hupandisha damu hadi tumboni. Damu aliyoinywa kwa mtu wa kwanza haimwagwi katika mwili wa mtu wa pili. Humeng'enywa kama chakula kingine chochote, ili mbu apate protini ya kutengenezea mayai. Virusi vya UKIMWI vilivyomo humeng'enywa pamoja nayo. Hivyo hushika seli za kinga za binadamu, na katika mwili wa mbu havikuti seli za namna hiyo. Havizaliani, na baada ya muda mfupi huwa vimekwisha.

Kirusi kinachoenezwa na mbu, basi, kina kazi ambayo wengi wetu hatuifikirii: ni sharti kwanza kimwambukize mbu mwenyewe. Lazima kiingie tumboni pamoja na damu, kitoke tumboni kikiwa salama, kienee mwilini, kisha kifike katika mate. Kikishindwa hatua moja tu, safari yake huishia ndani ya mdudu, na mbu huyo, hata akiuma watu kumi, hamwambukizi yeyote. Mlipuko mkubwa wa chikungunya ulioanzia pwani ya Kenya mwaka 2004 na kuvipitia visiwa vya Bahari ya Hindi hauwezi kueleweka vizuri bila kuutazama kutoka huko tumboni.

Ndani ya utumbo

Chikungunya ni ugonjwa wa ukanda huu hata kwa jina. Kirusi chake kilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1953, katika mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika Uwanda wa Makonde, upande wa Newala, kusini mwa Tanganyika ya wakati huo, karibu na mpaka wa Msumbiji. Watafiti Marion Robinson na W.H.R. Lumsden walichapisha maelezo yake mwaka 1955, na jina walilolichukua kwa wenyeji ni la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja, kwa jinsi maumivu ya viungo yanavyomkunja mgonjwa. Uwanda ule ni mkavu. Maji yalifuatwa mbali na kuhifadhiwa ndani ya nyumba, na katika vyombo hivyo alizaliana Aedes aegypti, mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana.

Mbu huyo anapomuuma mgonjwa katika siku za mwanzo za homa, hunywa damu iliyojaa virusi. Damu huenda moja kwa moja katika utumbo wa kati, ambao ni kama mfuko uliozungukwa na safu moja tu ya seli. Hapo kirusi hakina muda wa kupoteza. Vimeng'enya huanza kuivunja damu, na ndani ya saa chache utumbo huanza kujenga utando unaolifunika lile bonge la damu na kulitenga na seli. Kirusi kinachochelewa hubaki upande usiofaa wa utando huo.

Kilichowahi hugusa seli na kuishika. Seli hukimeza ndani ya kifuko kidogo, kama inavyomeza vitu vingine vingi. Kifuko kikishakuwa na uchachu wa kutosha, protini iliyo juu ya kirusi hubadilika umbo, huunganisha ngozi ya kirusi na ngozi ya kifuko, na RNA, yaani uzi wenye maagizo yote ya kirusi, huingia ndani ya seli. Kuanzia hapo seli hugeuka kiwanda cha kutengeneza virusi vingine. Seli zinazoingiwa mwanzoni huwa chache mno zikilinganishwa na seli zote za utumbo, na katika mbu wengi hazipatikani hata hizo chache. Mlo ule ule wa damu yenye virusi unaweza kumwacha mbu mmoja akiwa ameambukizwa na mwenzake akiwa salama kabisa.

Kuingia ndani ya seli za utumbo si kutoka upande wa pili. Nyuma ya seli hizo kuna tandiko jembamba la protini lililozunguka utumbo wote, na vitundu vyake ni vidogo kuliko kirusi. Kwa miaka mingi wataalamu walijiuliza kirusi hupitaje hapo. Sehemu ya jibu ilipatikana katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020 nchini Marekani. Mbu walioambukizwa walipewa mlo wa pili wa damu, safari hii damu safi isiyo na kirusi, na virusi vya dengue, Zika na chikungunya vikatoka tumboni haraka zaidi kuliko kwa mbu waliokula mara moja tu. Mfuko uliojaa damu hutanuka, tandiko hupata nyufa ndogo ndogo, na virusi vinavyosubiri nyuma yake hupenya. Jambo hili lina uzito kuliko linavyosikika, kwa kuwa katika maabara mbu wa majaribio kwa kawaida walilishwa mara moja, hali Aedes aegypti wa majumbani hunywa damu mara kadhaa katika siku chache. Yamkini wengi walikuwa wakiambukiza mapema kuliko ilivyokadiriwa.

Mbu naye hakai kimya. Hana kingamwili kama zetu, lakini ana namna yake ya kujilinda: seli zake huitambua RNA ya kirusi inapojinakili, huikata vipande vidogo, na kuvitumia vipande hivyo kutafuta RNA nyingine inayofanana nayo ili nayo ikatwe. Ulinzi huo mara nyingi hupunguza kirusi bila kukimaliza. Matokeo yake ni aina ya suluhu. Kirusi hakimuui mbu, mbu hakifukuzi kirusi, na wote wawili huishi pamoja hadi mwisho wa uhai wa mbu.

Kikishatoka tumboni, kirusi huelea katika damu ya mdudu, ambayo si nyekundu na haipiti mishipani kama yetu, hufika katika mafuta ya mwili, misuli na neva, na mwishowe katika tezi mbili za mate zilizo kifuani karibu na shingo. Huko nako lazima kiingie, kizaliane, kisha kimwagike ndani ya mate. Ni hapo tu mbu anapokuwa wa hatari.

Siku zinazohesabika

Safari yote hiyo huchukua siku, na kutolijua hilo kuliwahi kuchelewesha elimu ya homa ya manjano kwa karibu miaka 20. Daktari wa Cuba, Carlos Finlay, alitangaza mwaka 1881 kwamba homa hiyo huenezwa na mbu. Alikuwa sahihi, hata aina ya mbu aliipata. Lakini katika majaribio yake aliwatumia mbu siku chache tu baada ya kumuuma mgonjwa, wakati kirusi kilikuwa bado hakijafika katika mate, na matokeo hayakuwashawishi wenzake. Mwaka 1898 daktari wa Marekani, Henry Rose Carter, alipochunguza milipuko ya Mississippi, aliona kwamba kati ya mgonjwa wa kwanza katika nyumba na wale waliofuata hupita muda mrefu kuliko ugonjwa unavyohitaji ndani ya mtu. Tume ya Walter Reed ilipofika Havana mwaka 1900, ilizingatia muda huo, ikawasubiri mbu wake takriban siku 12, na ubishi ukaisha.

Joto huufupisha muda huo. Kwa dengue, uchambuzi wa majaribio mengi umeonyesha kwamba mbu huhitaji wastani wa siku 15 katika nyuzi joto 25, na siku sita na nusu tu katika nyuzi 30. Kwa chikungunya muda ni mfupi zaidi. Tofauti ya nyuzi tano si kubwa kwa mtu aliyeketi kivulini, lakini mbu jike huishi wiki chache tu. Kirusi kinachohitaji siku 15 huwapoteza wabebaji wengi njiani kwa kufa kwao. Kinachohitaji sita huwakuta wengi wakiwa bado wanaruka.

Yapo pia magonjwa ambayo kirusi huruka hatua ya kunywa damu. Homa ya Bonde la Ufa, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931 kutoka eneo la Naivasha nchini Kenya, husababishwa na kirusi ambacho mbu wa aina fulani za Aedes humrithisha mtoto ndani ya yai. Watafiti nchini Kenya walionyesha jambo hilo katika miaka ya 1980, walipokusanya viluwiluwi katika mabonde yaliyofurika, wakawalea hadi wakawa mbu, na kukikuta kirusi ndani ya mbu ambao hawajawahi kumuuma mnyama yeyote. Mayai hayo hustahimili miaka ya ukavu ardhini. Ndiyo sababu mafuriko makubwa, kama ya 1997 na ya 2006, yalifuatwa na vifo vya mifugo na watu Kenya, Somalia na Tanzania.

Kiangazi cha Lamu

Kwa chikungunya kilichotangulia si mafuriko, bali ukame. Katikati ya mwaka 2004, baada ya kipindi kikavu kuliko kawaida katika pwani ya Kenya, mji wa Lamu ulijaa wagonjwa wa homa na maumivu ya viungo. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Mvua ilipokosekana, watu waliweka akiba ya maji majumbani katika mapipa, mitungi na madumu, na vyombo visivyojazwa mara kwa mara havimwagwi wala kusuguliwa. Katika baadhi ya nyumba kongwe za mawe za Lamu, visamaki vya kula viluwiluwi hufugwa ndani ya birika la maji. Pipa la plastiki halina samaki.

Kutoka Lamu ugonjwa ulifika Mombasa, na mapema mwaka 2005 ukavuka hadi Komoro, ambako katika kisiwa cha Ngazija zaidi ya nusu ya watu waliambukizwa. Ukafuata Mayotte, Mauritius na Réunion, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa. Hadi hapo kisa kilikuwa cha kawaida: kirusi kinachojulikana, mbu anayejulikana. Hata kule Réunion wagonjwa wa mwaka 2005 mwanzoni hawakuwa wengi, na majira ya baridi yalipoingia walipungua. Kisha, kuanzia mwisho wa mwaka, hesabu ilipanda ghafla. Mwezi Februari 2006 walikadiriwa wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 kwa wiki moja. Mlipuko ulipokwisha, watu wapatao 266,000 walikuwa wameugua, karibu theluthi moja ya wakazi wote, na ugonjwa ambao vitabu viliueleza kuwa hauui ulitajwa katika vyeti vya vifo zaidi ya 200.

Kilichowashangaza wataalamu ni kwamba Aedes aegypti ni adimu Réunion. Mbu aliyetapakaa kisiwani humo ni jamaa yake, Aedes albopictus, mwenye asili ya Asia na mstari mweupe mgongoni, ambaye hapo awali hakuhesabiwa miongoni mwa waenezaji wakuu wa chikungunya. Tumbo lake halikuwa rahisi kuingilika.

Herufi moja

Wanasayansi wa Ufaransa walipozisoma RNA za virusi vilivyokusanywa katika hatua mbalimbali za mlipuko, waliona tofauti ndogo. Maagizo ya kirusi cha chikungunya yana urefu wa herufi zipatazo 11,800. Katika sampuli za mwanzo, sehemu ya 226 ya protini iitwayo E1 ilikuwa na asidi amino ya alanini, kama ilivyokuwa katika virusi vya awali. Katika sampuli nyingi mno za baadaye palikuwa na valini. Badiliko hilo hutokana na herufi moja tu.

E1 ndiyo protini inayounganisha ngozi ya kirusi na ngozi ya kifuko ndani ya seli ya utumbo, ile hatua iliyoelezwa juu. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitengeneza virusi pacha, tofauti yao ikiwa ni asidi amino hiyo peke yake, wakawalisha mbu. Kwa Aedes albopictus, kirusi chenye valini kilihitaji kipimo kidogo takriban mara mia ili kuuambukiza utumbo, na kilifika katika tezi za mate mapema zaidi. Kwa Aedes aegypti hakikupata faida hiyo. Maabara nyingine nchini Ufaransa ilifikia jibu la namna hiyo hiyo mwaka huo huo.

Kirusi hakikukusudia lolote. Virusi vya RNA hukosea mara nyingi vinapojinakili, na makosa mengi ni hasara tupu. Ila katika kisiwa chenye mamilioni ya mbu wa aina moja, kosa lililoufungua utumbo wa mbu huyo lilikuwa na kila sababu ya kuenea. Dalili ya nguvu ya hoja hii ni kwamba badiliko hilo hilo lilijitokeza lenyewe, mbali na Réunion, katika nchi kama India na Gabon, ambako nako Aedes albopictus alikuwapo. Na katika kiangazi cha mwaka 2007, msafiri aliyetoka India akiwa na kirusi hicho alitosha kuanzisha mlipuko wa watu wapatao 200 katika vijiji vya kaskazini mwa Italia, nchi ya baridi ambayo Aedes aegypti hayumo katika hesabu, lakini Aedes albopictus alikuwa amekwisha hamia.

Afrika Mashariki ina mfano mwingine wa jinsi tumbo la mbu linavyoamua mkondo wa ugonjwa. Mwaka 1959 kaskazini mwa Uganda, katika nchi ya Waacholi, ilizuka homa ya viungo iliyopewa jina la o'nyong'nyong, ikaenea hadi nchi jirani na kukadiriwa kuwapata watu milioni mbili. Kirusi chake ni ndugu wa karibu sana wa chikungunya. Lakini hicho kimeyazoea matumbo ya Anopheles, mbu wale wale wa malaria, wanaouma usiku vijijini. Ndugu wawili, dalili karibu zile zile, na bado chandarua cha usiku kinachomkinga mtu dhidi ya mmoja hakimkingi dhidi ya mwingine.

Kuifunga njia

Ikiwa kirusi lazima kimwambukize mbu, basi inawezekana kumkinga mbu. Ndiyo hoja iliyo nyuma ya kazi ya bakteria aitwaye Wolbachia, anayeishi kiasili ndani ya wadudu wengi lakini si ndani ya Aedes aegypti. Wanasayansi waliokuwa Australia, wakiongozwa na Scott O'Neill, walimhamisha kutoka kwa nzi wa matunda hadi kwa mbu huyo, na ikaonekana kwamba virusi vya dengue na chikungunya hupata shida kubwa kuzaliana ndani ya mbu mwenye bakteria huyo. Mama humrithisha bakteria kupitia mayai, kwa hiyo kizazi kinachofuata huzaliwa nacho kimekingwa. Katika jaribio la mji wa Yogyakarta nchini Indonesia, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021, wagonjwa wa dengue walipungua kwa asilimia 77 katika mitaa walikoachiwa mbu hao.

Njia hiyo ina gharama na mipaka yake. Joto kali, kwa mfano, humdhoofisha bakteria aliyetumiwa Yogyakarta. Kwa familia ya Lamu au Newala, kilicho karibu zaidi ni pipa lenye mfuniko, linalosuguliwa kila wiki ili mayai yaliyoshikamana na kuta zake yaondoke, na chandarua juu ya mgonjwa mchana, katika zile siku za mwanzo ambapo damu yake inaweza kumwambukiza mbu. Hatua hii ya pili husahaulika mno. Watu wengi humlinda mzima asiumwe, na kumwacha mgonjwa amelala barazani bila kinga, naye ndiye chanzo cha safari yote.

Réunion ilikumbwa tena na mlipuko mkubwa mwaka 2025, wenye makumi ya maelfu ya wagonjwa. Na upande wa bara, Aedes albopictus hayuko mbali tena: watafiti wa Msumbiji walithibitisha mwaka 2016 kwamba amekwisha kuonekana mjini Maputo, katika nchi inayopakana kwa Mto Ruvuma na uwanda ule ambako chikungunya ilipewa jina.